Dawa ya Mkamwana Niliyokunywa Mimi

Amjibiaye mgonjwa na anywe dawa. Maneno hayo niliyasema kliniki, mbele ya daktari kijana na mbele ya mjukuu wangu Atuganile aliyekuwa amenisindikiza. Daktari alicheka kwa adabu, akaendelea kuandika. Atuganile hakucheka, alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Tulipofika nyumbani alinimiminia dawa kwenye kijiko, nami nikamwambia ainywe yeye. Hapo akamwita kaka yake Lusajo, aliyekuwa uani akipukuchua mahindi, wakaketi mbele yangu wote wawili. Walitaka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hawakuisoma.

Niliwaambia hawakuisoma shuleni kwa sababu haikutoka shuleni. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia katika nyumba hii hii, na mwenye kosa ni mimi.

Babu yenu alikuwa mganga wa zahanati ya hapa Lugombo. Watu walimwita Dakta Mwakilasa, ingawa mwenyewe alisema madaktari wako mjini, yeye ni mtu wa kuuliza tu. Na kuuliza alikujua. Mgonjwa akiingia na kusema, "Nina malaria," alimjibu kwamba hilo ni jina, na yeye hataki jina, anataka habari. Kisha huanza. Maumivu yalianza lini, yalianzia wapi, yamehamia wapi, yanazidi ukifanya nini, yanapungua ukifanya nini, umekula nini, choo kikoje, nyumbani kwako nani mwingine anaumwa. Baada ya kila swali alinyamaza, akangoja mpaka mgonjwa aone haya ya kumngojesha. Watu wenye haraka zao walimchukia kwa hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana chakula chake cha mchana kilipoa kila siku ya Mungu.

Akimaliza kuuliza, huosha mikono na kupima. Hakumpa mtu hata kidonge kimoja kabla ya kumgusa. Alianzia kwenye kope za macho, akaja ulimi, kucha, shingo, kifua, tumbo, hadi nyayo. Alipobonyeza tumbo hakulitazama tumbo, alitazama uso. Alisema tumbo halina mdomo, linaazima uso. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi sana, na siku nilipohitaji kuyakumbuka sikuyakumbuka.

Sasa sikilizeni habari za mila, kwa sababu bila hizo mtatuona wajinga. Zamani hapa kwetu mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, hasemi naye, hali naye. Wakikutana njiani, yeye huingia migombani na kungoja mpaka mzee apite. Baba mkwe naye, akitaka kuingia uani kwake mwenyewe, hukohoa kwanza ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Mnacheka. Sisi hatukucheka, ile ndiyo ilikuwa heshima, na kila mtu aliona fahari kuitunza.

Baba yenu Gwamaka alipomwoa Tusekile, nilimpata mkamwana aliyeijua heshima hiyo kuliko msichana yeyote. Ndiyo, namsema mama yenu. Alikaa hapa miezi sita na babu yenu hakuwahi kuisikia sauti yake. Baba yenu alifanya kazi kiwanda cha chai, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, jikoni na shambani. Nilimpenda. Naomba niseme hilo mapema, kwa sababu mtakayoyasikia yanaweza kuwafanya mdhani vinginevyo.

Zahanati ilikuwa moja na mganga alikuwa mmoja. Siku ya harusi tulifikiria mambo yote, ng'ombe, nguo, nani akae wapi. Hakuna aliyefikiria itakuwaje mkamwana wa mganga akiugua.

Jumatatu moja tulikuwa tunavuna maharage. Nilimwona Tusekile amechuchumaa, mkono mmoja tumboni. Nilimuuliza, akasema si kitu. Kesho yake asubuhi alishindwa kuinua chungu cha maji kutoka chini. Akajaribu tena mbele yangu, akashindwa tena, na bado akasema si kitu. Nilimfunga kanga ya pili mabegani, nikampeleka zahanati.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba kidogo chenye kitanda cha wagonjwa. Kati ya chumba kile na chumba cha babu yenu palikuwa na pazia. Tusekile alilala kitandani, akajifunika mpaka usoni. Babu yenu alibaki kwenye kiti chake upande wa pili, mgongo wake kwetu ili asije akaona kitu kwa bahati mbaya. Mimi nilisimama pale penye pazia. Tulikubaliana hivi: yeye ataniuliza mimi, mimi nitamuuliza Tusekile, Tusekile ataninong'oneza, nami nitamwambia babu yenu. Heshima ingebaki na dawa ingepatikana. Nilijiona mtu wa maana sana.

Swali la kwanza lilikuwa maumivu yalianza lini. Nilijua mwenyewe, si nilimwona Jumatatu? Nikajibu tangu jana. Kumbe alikuwa na siku nne, na tatu kati ya hizo aliteka maji, akapika na kunichotea maji ya kuoga bila kusema neno.

La pili lilikuwa kama anakula. Nikajibu anakula, kwa sababu mimi ndiye niliyempakulia na sahani ilirudi tupu. Kumbe kuku wetu walinenepa wiki ile.

La tatu lilimtoka babu yenu kwa shida. Alikohoa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama siku zake za mwezi ziko sawa. Wajukuu zangu, nilitaka ardhi inimeze. Nigeuke nimuulize mke wa mwanangu habari za siku zake, baba mkwe wake akiwa hatua tatu, nyuma ya kitambaa? Sikugeuka. Nilijibu hapo hapo kwamba ziko sawa. Na babu yenu, ambaye kwa mwanamke mwingine angeuliza tena kwa njia nyingine, na tena kwa njia ya tatu, safari hii aliridhika. Nilimsikia akishusha pumzi. Aibu ilikuwa yetu sote wawili, na tuligawana bila kuambizana.

Mwisho aliuliza kama kuna mahali pengine panapouma. Hilo nilimuuliza kweli. Tusekile alinong'ona kwamba bega la kulia linamuuma, tena linamzidi akilala. Nikacheka kimoyomoyo. Mtu amebeba mkungu mzima wa ndizi juzi kutoka bondeni, bega lisiume? Niliona si vizuri kumsumbua mganga kwa bega. Nikasema ni tumbo tu.

Akaniambia nimbonyeze taratibu, chini, upande wa kulia, nimweleze kama ni laini au gumu. Nilimbonyeza juu ya kanga. Tusekile hakulia. Alikuwa ameuma pindo la ile kanga aliyojifunikia, nami sikufunua kuona. Nikasema tumbo ni la kawaida.

Babu yenu alinipa chupa ya dawa ya tumbo, ile ya rangi ya kahawia tuliyoiita mistura, chungu ajabu, na kikombe kidogo cha kupimia. Mara tatu kwa siku. Tulirudi nyumbani. Nilimpa dawa mchana, nikampa jioni, na kila mara alinywa bila kukunja uso, akaniambia asante mama. Sijasahau zile asante.

Jumatano asubuhi aliinama kupuliza moto. Alipoinuka alianguka, na hakuinuka tena. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupauka, mikono baridi, jasho linamtiririka na mvua inanyesha. Majirani walimbeba juu ya kitanda cha kamba, wakampitisha mlango ule ule wa nyuma. Chupa ya mistura niliibeba mimi, sijui kwa nini. Ndiyo dawa aliyopewa, nikaona isibaki.

Mlango wa mbele ulikuwa umejaa wagonjwa. Babu yenu alisimama upande wake wa pazia. Alianza upya kuniuliza, na mimi, kwa hofu, nilijibu upesi kuliko jana. Yalianza lini? Juzi. Anakula? Alikula jana. Siku zake?

"Ziko sawa, nilishakwambia," nikasema.

Akanyamaza kama alivyozoea kunyamaza. Mimi nilidhani anafikiria dawa. Kisha akasema, "Mama Gwamaka, hujamuuliza."

"Nimemuuliza."

"Umenijibu kabla sijafunga mdomo. Sikusikia umenong'ona, sikusikia amenong'ona. Na jana ilikuwa hivyo hivyo. Jana nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa naona aibu."

Alinyoosha mkono kupitia ukingo wa pazia. Nilidhani anataka kuiona chupa, nikampa pamoja na kikombe chake. Alimimina kikombe cha kupimia mpaka kwenye mstari, akanirudishia kikombe.

"Kunywa," akasema.

"Mimi?"

"Tangu jana anayenieleza habari za tumbo ni wewe. Mwenye habari za tumbo ndiye mwenye tumbo. Kunywa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu, mnanijua. Alisema kwa huzuni, na nilijua haikuwa kwa ajili yangu peke yangu, alikuwa anajinywesha na mwenyewe. Nilikunywa. Watu wa mlango wa mbele walikuwa wameacha hata kukohoa. Dawa ile ni chungu, wanangu, inakaa ulimini mpaka kesho, na nilipokuwa naimeza nilikumbuka kwamba Tusekile aliinywa mara mbili bila kukunja uso. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Babu yenu akafunua pazia akaingia.

Sijui niwaeleze vipi uzito wa jambo lile. Majirani wawili waliokuwa wamembeba Tusekile walitoka nje kama watu waliochungulia mahali wasipopaswa. Tusekile, na ule udhaifu wake wote, alipoliona koti jeupe la babu yenu alivuta kanga akajifunika uso, akageukia ukutani. Alikuwa anakufa, na bado anamkimbia baba mkwe.

Babu yenu aliosha mikono. Akavuta kigoda akaketi, ili asiwe juu yake. Akauliza, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

Akangoja. Nilitaka kusema mimi, nikausikia uchungu wa ile dawa kinywani, nikanyamaza.

"Mwanangu," akasema tena, "ukipona utarudi kunikimbia, nami nitarudi kukohoa nje ya uzio. Nitakohoa mpaka nizeeke. Lakini kwanza upone. Unaumwa wapi?"

Kutoka chini ya kanga ikatoka sauti ndogo. "Bega, baba."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza babu yenu kuyasikia kutoka kwa mama yenu. Nilimwona usoni. Alishtuka kuliko kama angesema tumbo. Aliuliza lini, akajibiwa. Aliuliza kama maumivu yalianza pole pole au ghafla, akajibiwa kwamba yalikuwa pole pole siku nne, halafu leo kitu kikawa kama kimekatika ndani. Aliuliza habari ya siku zake, safari hii bila kukohoa. Tusekile alisema hajaziona miezi miwili. Alikuwa akingoja uwe wa tatu ndipo aniambie mimi, ili anifurahishe.

Babu yenu alimfunua kope ya chini, ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Alimshika mkono akahesabu mapigo, midomo yake ikienda. Kisha akaweka kiganja tumboni, macho yake usoni kwa Tusekile, akabonyeza kidogo tu, kidogo kuliko nilivyobonyeza mimi jana. Tusekile alilia kwa sauti mara ya kwanza.

Alinieleza kwa maneno machache. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, imepasuka, na damu inavujia tumboni. Damu ikijaa humo, maumivu hupanda mpaka begani. Lile bega nililolicheka kimoyomoyo ndilo lililokuwa likipiga kelele, na mimi ndiye niliyeliziba mdomo.

Dawa ya kuponya hali ile haikuwa Lugombo. Ilikuwa kisu cha hospitali ya wilaya, na gari la wagonjwa halikuwepo hata kwa ndoto. Lakini Jumatano ilikuwa siku ya lori la majani ya chai. Babu yenu alikimbia mwenyewe na koti lake jeupe hadi penye mizani, wakulima wamepanga vikapu vyao wanangoja kupimiwa. Sijui alimwambia nini dereva. Lori lilikuja mpaka mlangoni, na Tusekile akalazwa juu ya majani mabichi ya chai ya watu. Wakulima waliacha mizani na kupanda kushikilia turubai asilowe. Babu yenu aliketi kichwani pake, ameshika kiganja chake njia nzima, anahesabu. Mimi nilishika miguu yake iliyokuwa baridi, na nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sitawaambia.

Walimpasua mchana ule ule. Daktari wa kule alisema saa moja zaidi na angebaki wa kuzikwa. Mrija mmoja wa uzazi ulitolewa, mmoja ukabaki. Lusajo, wewe ulipitia kwenye huo uliobaki, na dada yako akafuata njia hiyo hiyo.

Msidhani yaliishia hapo. Tusekile alipokuwa bado anatembea kwa kuinama, wazee wa ukoo walikuja kumkalia babu yenu kikao. Alikuwa ameingia kwa mkamwana wake, amemgusa, amemsikia sauti. Aliyeongoza kikao alikuwa kaka yake mkubwa, Mzee Andongwisye, mtu mwema lakini mzito, akianza jambo halimaliziki. Mimi nilikuwa nikiwapitishia togwa. Mzee Andongwisye alisema kwamba anaelewa shida ilikuwa kubwa, ila binti wa watu amevunjiwa heshima. Akasema binti ana uchungu moyoni. Akasema hawezi hata kuinua uso kijijini, anatamani kurudi kwao. Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Babu yenu alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilimsikiliza shemeji yangu akieleza moyo wa Tusekile mpaka mwisho, na ulimi wangu ukaonja mistura upya. Niliweka kibuyu cha togwa chini. Nikaingia ndani, nikatoka na ile chupa ya kahawia na kile kikombe. Nikamimina mpaka kwenye mstari, nikakiweka mbele yake juu ya mkeka.

"Shemeji," nikasema, "umemuuliza?"

Akasema hakukuwa na haja, jambo lenyewe linaonekana.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo. Amjibiaye mgonjwa na anywe dawa. Mimi nimekwisha kunywa yangu. Hiyo ni yako."

Mwanamke hakusema vile kwenye kikao cha wazee siku zile. Mzee Andongwisye alikitazama kikombe, akakinusa, uso ukamkunjamana, na mzee mmoja wa pembeni akashindwa kujizuia, akacheka. Wakacheka wengi. Mzee Andongwisye mwenyewe akacheka mwisho, akasukuma kikombe pembeni, akasema basi na aulizwe.

Mama yenu hakutoka. Heshima yake ilikuwa imerudi pamoja na nguvu zake. Alisema akiwa nyuma ya ukuta wa mianzi, na wote tulimsikia. "Baba aliniuliza nikiwa naumwa, nikamjibu. Asingeniuliza, leo mngekuwa mmekaa hapa kwa matanga. Sitaki kurudi kwetu. Ninachotaka ni kulala, kidonda kinaniuma."

Wazee walikunywa togwa wakaondoka. Njiani mmoja akalirudia neno langu, kilabuni likarudiwa tena, na kufika msimu wa kupanda lilikuwa si langu tena. Wakwe walilitumia kwenye mahari, na wanawake kisimani wakawatupia majirani wanaosemea mambo ya nyumba za wengine. Wengine walilitumia na hata hawakujua kwamba palikuwa na dawa ya kweli na mtu aliyeinywa.

Babu yenu alitimiza ahadi yake. Alikohoa nje ya uzio mpaka uzeeni, na mama yenu akaingia migombani kila aliposikia kikohozi. Lakini babu yenu alipougua ugonjwa uliomwondoa, na sisi wote tukawa tunamwambia anaonekana ana nafuu, mama yenu aliingia chumbani, akavuta kigoda kile kile, akaketi, akamuuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Kisha akangoja. Na yule mzee ambaye sisi alitudanganya kwamba hajambo, yeye alimwambia yote.

Hapo ndipo nilipoishia.

Lusajo alikuwa ameacha mahindi mikononi. Atuganile alikuwa anatazama kijiko. Alikuwa akikumbuka ya asubuhi, nilimwona. Daktari kijana aliniuliza, "Bibi, unakula vizuri?" Atuganile akajibu, "Anakula vizuri." Akauliza ninalala, akajibiwa ninalala. Akauliza kuna tatizo gani jingine, akajibiwa, "Ni magoti tu, uzee." Alisema kwa upendo, mkono wake begani kwangu. Na daktari hakunigusa popote. Aliandika dawa ya magoti.

Atuganile aliimimina dawa ya kijiko ndani ya chupa, akafunga kizibo. Akavuta kigoda. Miguu yake mirefu ilipata taabu kukaa pale chini.

"Bibi," akasema, "unaumwa wapi?"

Kisha akanyamaza. Lusajo alifungua mdomo kusaidia, dada yake akamgusa goti, akaufunga.

Nilitaka kusema sijambo. Mtu huzoea. Lakini yule mtoto alikuwa anangoja kama babu yake, na mimi nikaona haya ya kumngojesha. Nikamwambia kwamba silali, naamka mara nne au tano kwenda haja ndogo na kiu hainiishi. Nikamwambia kanga niliyokuwa naifunga mara moja kiunoni sasa inazunguka karibu mara mbili. Na nikamwambia habari ya unyayo wa kushoto.

Alipiga magoti akanivua kiatu, kisha soksi. Aliuinua mguu wangu kwenye mwanga wa mlangoni. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, kipana, wiki tatu sasa. Alikigusa pembeni kwa kidole, macho yake usoni kwangu.

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo," nikasema. "Ndiyo maana ninaogopa, isije ikawa sukari."

Hakuniambia nisiogope. Lusajo alikuwa ameshainuka kutafuta mtu wa pikipiki, kliniki ilikuwa bado haijafungwa. Atuganile alinifunga kidonda kwa kitambaa safi, taratibu, akaniuliza kama safari hii ataingia na mimi au atanisubiri nje. Nikamwambia aingie, ila asimame karibu na mlango.

Akacheka huku machozi yamemjaa. "Nitanyamaza, Bibi," akasema. "Amjibiaye mgonjwa na anywe dawa."